Kinga ya Mama na Ugonjwa wa Gumboro: Mambo Ambayo Mnunuzi wa Vifaranga wa Nyama Apaswa Kuyafahamu

Mfugaji wa kuku wa nyama huweka fedha yake rehani kwa muda wa wiki 5 hadi 6. Hununua vifaranga wa siku moja, huandaa banda, hununua chakula, mkaa wa kupashia joto na chanjo, kisha husubiri siku ya mauzo. Katika muda mfupi kama huo hapana nafasi ya kurekebisha kosa kubwa. Aghalabu msiba huingia katika wiki ya nne, wakati kuku wamekwisha kula sehemu kubwa ya mtaji. Hujikunyata, huharisha majimaji meupe, na hufa kwa makumi ndani ya siku chache. Linalomtia mfugaji uchungu zaidi ni kwamba chanjo alikwisha kuitoa, tena kwa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi aliyopewa dukani.

Baada ya hasara hiyo hufuata kulaumiana. Mfugaji husema chanjo ilikuwa bandia. Mwenye duka husema chanjo haikutunzwa katika ubaridi. Muuzaji wa vifaranga husema banda lilikuwa chafu. Yawezekana mmoja wao anasema kweli, na yawezekana wote. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mara nyingi haitajwi na yeyote kati yao, nayo ni kinga ambayo kifaranga aliirithi kwa mama yake. Kinga hiyo ni neema, kwa kuwa humlinda kifaranga katika siku zake za mwanzo. Hata hivyo, chanjo ikitolewa kabla ya wakati wake, kinga hiyo hiyo huiua.

Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na yanamwonyesha mnunuzi wa vifaranga na chanjo maswali anayopaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha yake.

Gumboro ni ugonjwa gani?

Gumboro ni ugonjwa wa kuku unaosababishwa na virusi. Jina lake limetokana na mji mdogo wa Gumboro katika jimbo la Delaware, nchini Marekani, ambako ulitambuliwa kwa mara ya kwanza. Mtaalamu aitwaye Cosgrove aliueleza kwa maandishi mwaka 1962. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilizuka huko Ulaya aina kali zaidi ya virusi hivyo, na baadaye ikaenea katika mabara mengine, Afrika ikiwamo. Leo mfugaji yeyote wa kuku wa kisasa katika Afrika Mashariki hana budi kuuhesabu ugonjwa huu pamoja na kideri na mahepe miongoni mwa adui zake wa kila siku.

Kuku huambukizwa kwa kula au kunywa kitu kilichochafuliwa na kinyesi cha kuku mgonjwa. Dalili huonekana siku 2 hadi 3 baada ya maambukizi. Kuku hulegea, manyoya husimama, hutetemeka, huacha kula, hudonoa tundu lake la haja, na huharisha majimaji meupe. Vifo huongezeka kwa kasi kwa siku chache, kisha hupungua, na kwa kawaida mlipuko wote hupita ndani ya wiki moja. Aina kali ya virusi huweza kuua robo ya kundi au zaidi. Mzoga ukipasuliwa, mara nyingi huonekana madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja na ya kidari.

Dalili hizo huwapata hasa kuku wenye umri wa wiki 3 hadi 6. Kifaranga aliye chini ya wiki 3 akiambukizwa bila kuwa na kinga, huenda asionyeshe dalili yoyote. Jambo hilo lisimfariji mfugaji, kwa sababu maambukizi hayo ya kimyakimya huacha kilema cha kudumu, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kiungo kinachoshambuliwa

Juu ya tundu la haja la kuku kuna kifuko kidogo kiitwacho bursa ya Fabricius. Kimepewa jina la mtaalamu wa elimu ya viungo wa Padua, nchini Italia, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 1621. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kazi ya kifuko hicho. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani, Bruce Glick, Timothy Chang na George Jaap, walieleza kuwa kuku walioondolewa bursa wakiwa wadogo hawakuweza kutengeneza kingamwili ipasavyo. Hapo ndipo ilipobainika kwamba bursa ni kama chuo ambamo askari wa damu ya kuku hufunzwa kazi ya kutambua adui na kutengeneza silaha dhidi yake.

Virusi vya Gumboro huwashambulia askari hao wakiwa bado mafunzoni. Siku chache baada ya maambukizi bursa huvimba, kisha husinyaa hadi kubaki ndogo kuliko ilivyokuwa. Kifaranga aliyepoteza bursa yake mapema huishi, lakini huishi bila askari wa kutosha. Chanjo ya kideri atakayopewa baadaye haitamjengea kinga inayotakiwa. Bakteria ambao kuku mwenye afya huwashinda bila shida watamletea maradhi ya mfumo wa hewa na ya ini. Uzito wake utabaki nyuma ya wenzake hali chakula anakula. Mfugaji ataona kundi linaloumwa mara kwa mara, atanunua dawa baada ya dawa, asijue kuwa chanzo ni maambukizi yaliyopita bila dalili katika wiki ya kwanza au ya pili.

Ndiyo maana siku za mwanzo za kifaranga zina thamani kubwa. Na katika siku hizo mlinzi wake mkuu ni mama yake.

Urithi ulio ndani ya yai

Kuku mzazi aliyechanjwa, au aliyepata kuugua akapona, huwa na kingamwili katika damu yake. Anapotengeneza yai, sehemu ya kingamwili hizo hupelekwa katika kiini. Kifaranga huzifyonza kutoka kwenye kiini katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa na katika siku za mwanzo baada ya kuanguliwa, maana masalio ya kiini hubaki tumboni mwake. Hivyo kifaranga huja duniani na akiba ya ulinzi ambayo hakuitengeneza mwenyewe.

Akiba hii ina sifa tatu ambazo mfugaji anapaswa kuzikumbuka.

Kwanza, kifaranga hurithi kinga ya maradhi yale tu ambayo mama yake ana kinga yake. Kuku mzazi asiyechanjwa dhidi ya Gumboro, na ambaye hajapata kuugua, hana cha kumrithisha mwanawe katika jambo hilo.

Pili, wingi wa urithi hutegemea wingi alio nao mama. Wazazi waliopewa chanjo hai utotoni na kisha wakachomwa chanjo iliyouawa yenye mafuta kabla ya kuanza kutaga, hurithisha kinga nyingi, inayoweza kumlinda kifaranga hadi wiki ya tatu na pengine zaidi. Wazazi waliopewa chanjo hafifu, au ambao muda mrefu umepita tangu wachanjwe, hurithisha kinga kidogo.

Tatu, akiba hii haiongezeki bali hupungua tu. Kwa kuwa kifaranga hakuitengeneza, hawezi kuijaza tena. Kwa kuku wa nyama, ambao hukua kwa haraka, nusu ya kingamwili za mama hupotea kila baada ya siku 3 hivi. Kwa kuku wa mayai, wanaokua polepole, nusu hupotea kila baada ya siku 5 hivi. Kwa hiyo ratiba ya chanjo iliyotungwa kwa ajili ya kuku wa mayai haifai kuhamishiwa kwa kuku wa nyama bila kuchunguzwa.

Ngao inayogeuka kizuizi

Chanjo nyingi za Gumboro zinazouzwa madukani ni chanjo hai. Maana yake ni kwamba ndani ya kichupa mna virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo sharti viingie mwilini, vifike kwenye bursa na kuzaana kidogo ili mwili upate kuvitambua. Lakini kingamwili za mama hazitofautishi kati ya kirusi kilichodhoofishwa na kirusi kikali. Zikiwa nyingi, huviangamiza vyote. Kifaranga aliyechanjwa wakati huo hubaki kama hakuchanjwa. Kinga ya mama nayo huendelea kupungua, na siku itakapokwisha, hatakuwa na kinga ya mama wala ya chanjo.

Hesabu ndogo itaonyesha jambo hili wazi. Maabara hupima kingamwili katika damu na kutoa jibu kwa tarakimu. Kwa kipimo kinachotumiwa sana, chanjo ya nguvu ya kati huchukuliwa kuwa huweza kupenya kinga ya mama ikiwa imeshuka hadi karibu 125, na chanjo yenye nguvu zaidi huweza kupenya ikiwa imeshuka hadi karibu 500. Tuchukue mfano wa kifaranga wa nyama ambaye damu yake, ikipimwa siku ya 4, ina kiwango cha 4,000:

Siku ya 4: 4,000
Siku ya 7: 2,000
Siku ya 10: 1,000
Siku ya 13: 500
Siku ya 16: 250
Siku ya 19: 125

Kifaranga huyu akipewa chanjo ya nguvu ya kati siku ya 10, chanjo hiyo itapotea bure. Siku inayomfaa ni karibu na ya 19. Akipewa chanjo yenye nguvu zaidi, siku inayomfaa ni karibu na ya 13.

Sasa tumtazame kifaranga mwingine katika banda lile lile, ambaye siku ya 4 alikuwa na kiwango cha 1,000 tu. Yeye atafikia 500 siku ya 7, na 125 siku ya 13. Akisubiri hadi siku ya 19 atakuwa amekaa siku 6 bila ulinzi wa maana. Tarehe inayomfaa mmoja inamdhuru mwenzake, ilhali wote wananywa katika chombo kimoja.

Hali hii ya vifaranga kutolingana hutokea hasa pale kituo cha kutotolesha kinapochanganya mayai ya makundi mbalimbali ya wazazi, wengine vijana waliochanjwa karibuni na wengine wazee ambao kinga yao imepungua. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri chanjo ya Gumboro itolewe mara mbili, kwa nafasi ya siku kadhaa, ili chanjo ya kwanza iwapate vifaranga wenye urithi mdogo na ya pili iwapate wenye urithi mkubwa. Anayetoa mara moja tu ili kuokoa gharama anacheza bahati nasibu na sehemu ya kundi lake.

Pengo ambalo chanjo haiwezi kuliziba peke yake

Lipo jambo jingine lisilopendeza ambalo ni haki ya mnunuzi kulijua. Virusi vikali vya Gumboro vina nguvu ya kupenya kinga ya mama mapema kuliko chanjo ya nguvu ya kati. Kinga inaposhuka hadi kiwango ambacho virusi vikali vinaweza kupita, chanjo hiyo bado haijaweza kupita. Hata ikishapita, huchukua siku kadhaa kabla ya mwili kujenga kinga yake. Baina ya nyakati hizo mbili kuna pengo la siku kadhaa ambamo kifaranga yu wazi.

Hakuna chupa ya chanjo inayouzwa dukani ambayo, kwa kunyweshwa tu, inaweza kuliondoa pengo hilo kabisa. Linaloweza kufanyika ni kupunguza virusi vinavyomfikia kifaranga katika siku hizo, na hiyo ni kazi ya usafi wa banda. Virusi vya Gumboro ni vigumu mno. Uchunguzi umeonyesha kwamba banda lililokuwa na kuku wagonjwa liliendelea kuambukiza siku 122 baada ya kuku hao kuondolewa. Chakula, maji na kinyesi kutoka katika banda la aina hiyo viliambukiza hata baada ya siku 52. Kwa hiyo kufagia tu na kumwaga maranda mapya juu ya yale ya zamani ni kuwakaribisha vifaranga katika nyumba ya mgonjwa.

Banda lisafishwe kwa utaratibu ufuatao. Ondoa maranda yote na kinyesi chote, uvipeleke mbali na banda. Osha sakafu, kuta, vyombo vya chakula na vya maji kwa maji na sabuni hadi uchafu uishe, kwa kuwa dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi. Kisha tumia dawa ya kuua vijidudu ambayo lebo yake inaeleza kuwa inafaa dhidi ya virusi vya Gumboro. Dawa za jamii ya iodini na formalini ni miongoni mwa zinazoweza kuviua, ila formalini ni hatari kwa macho na mapafu, na haipaswi kutumiwa bila vifaa vya kujikinga. Dhibiti panya na mbawakawa wa kwenye maranda, maana nao hubeba virusi. Liache banda tupu kwa wiki 2 au zaidi. Usiazime vyombo wala trei za mayai kutoka kwa jirani, na usiruhusu wanunuzi wa kuku kuingia bandani na viatu walivyotembelea mabanda mengine.

Kuchagua chanjo

Chanjo hai za kunywesha hutofautiana kwa nguvu. Zipo hafifu, za kati, na zenye nguvu zaidi. Chanjo yenye nguvu zaidi hupenya kinga ya mama mapema, lakini nayo huiumiza bursa kwa kiasi fulani, na haifai kwa vifaranga wasio na kinga ya mama. Isichaguliwe kwa kuwa ni ya gharama kubwa au kwa kuwa jirani aliitumia. Ichaguliwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo anayejua hali ya ugonjwa katika eneo husika.

Zipo pia chanjo zinazotolewa katika kituo cha kutotolesha, kwa kumchoma kifaranga chini ya ngozi siku ya kwanza au kwa kulichoma yai kabla halijaanguliwa. Baadhi yake zina virusi vilivyofungamanishwa na kingamwili maalumu, hivyo huachiliwa mwilini polepole kadiri kinga ya mama inavyopungua. Nyingine hutumia kirusi kisicho na madhara cha bata mzinga, kilichopachikwa sehemu ndogo ya kirusi cha Gumboro. Aina hizi haziathiriwi sana na kinga ya mama. Vifaranga waliopewa chanjo hizi huuzwa kwa bei ya juu kidogo. Mnunuzi aliyelipa bei hiyo anastahili kupewa maandishi yanayotaja jina la chanjo na siku iliyotolewa, na aulize kama bado anahitaji kutoa chanjo nyingine ya kunywesha.

Maswali ya kumuuliza muuzaji wa vifaranga

Karatasi nyingi za ratiba zinazogawiwa kwa wafugaji hutaja chanjo ya Gumboro siku ya 14, na kuirudia siku ya 21 au ya 28. Ratiba ya namna hiyo ni mwanzo mzuri, lakini ni makadirio. Mtungaji wake hakujua vifaranga wako wametoka kwa wazazi gani. Anayejua ni muuzaji, au anapaswa kujua. Kabla ya kulipa, muulize haya:

1. Je, kuku wazazi walichanjwa dhidi ya Gumboro? Walipewa chanjo ya kunywa tu, au walichomwa pia chanjo yenye mafuta kabla ya kutaga?
2. Wazazi wana umri gani sasa, na muda gani umepita tangu chanjo yao ya mwisho?
3. Vifaranga hawa wametoka katika kundi moja la wazazi, au mayai yamechanganywa?
4. Je, vifaranga wamepewa chanjo yoyote kabla ya kutoka kituoni? Ipi, na kwa njia gani?
5. Kituo kinashauri chanjo ya kwanza ya Gumboro itolewe siku ya ngapi kwa vifaranga wa toleo hili, na kwa kutumia chanjo ya nguvu gani?

Kituo kinachojiheshimu huwa na majibu haya katika kumbukumbu zake, na wengine huyaandika kwenye karatasi inayoambatana na boksi la vifaranga. Muuzaji asiyeweza kujibu hata swali la kwanza anamuuzia mnunuzi kitu ambacho asili yake haijulikani. Dalali anayekusanya vifaranga kutoka vituo mbalimbali na kuwachanganya katika maboksi huwa amevuruga taarifa hizo, hata kama hakukusudia. Bei yake ya chini haina budi kupimwa pamoja na hatari hiyo.

Mwenye kundi kubwa, au wafugaji kadhaa walionunua toleo moja, wanaweza kupeleka sampuli za damu za vifaranga maabara ili siku ya chanjo ikokotolewe kwa uhakika zaidi. Kwa Tanzania, mahali pa kuanzia kuulizia huduma hiyo ni kwa daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye ataelekeza kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Gharama ikigawanywa miongoni mwa wafugaji wa kikundi huwa nyepesi kuliko hasara ya kundi moja.

Siku ya kunywesha chanjo

Tarehe sahihi haina faida ikiwa chanjo imekufa kabla ya kumfikia kuku. Chanjo hai hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi tangu kiwandani hadi bandani. Ukifika dukani, tazama inatoka wapi. Inayotolewa kwenye rafu au kwenye jokofu lisilo na umeme usiinunue. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi, namba ya toleo, na nguvu ya chanjo. Ibebe katika kisanduku chenye barafu, na utunze kichupa na risiti hata baada ya kazi kwisha.

Tumia maji safi yasiyo na klorini wala dawa yoyote, na uache kutia dawa katika maji ya kuku tangu siku moja au mbili kabla. Vyombo vioshwe bila sabuni. Koroga katika maji maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kiasi cha gramu 2 hadi 3 kwa kila lita, ili kuilinda chanjo. Kanuni iliyozoeleka ya kukadiria maji ni kwamba kuku 1,000 huhitaji lita zinazolingana na umri wao kwa siku. Kuku 1,000 wa siku 14 watahitaji lita 14 hivi, na zaidi kidogo palipo na joto kali. Maelezo ya kwenye lebo yakitofautiana na kanuni hiyo, lebo ndiyo ya kufuatwa. Ondoa maji ya kawaida kwa saa 1 hadi 2, kisha weka yenye chanjo mapema asubuhi, katika vyombo vya kutosha ili hata wanyonge wapate kunywa. Maji hayo yamalizike ndani ya saa 2. Usigawanye kichupa cha dozi 1,000 kwa kuku 1,500 kwa nia ya kubana matumizi. Dozi nusu haileti kinga nusu, bali huacha kuku wengi bila kinga kabisa.

Ugonjwa ukitokea

Toa taarifa kwa afisa mifugo mara moja, na peleka mizoga miwili au mitatu mipya ikapasuliwe kabla ya kununua dawa yoyote. Hakuna dawa inayoua virusi vya Gumboro ndani ya kuku. Viuavijasumu vinavyotiwa katika maji hutibu bakteria tu. Daktari akiviagiza kwa sababu ya maradhi nyemelezi, vitumike kwa dozi na muda aliotaja. Kinachowasaidia wagonjwa ni maji mengi, joto la kutosha, na utulivu. Mizoga ifukiwe katika shimo refu au ichomwe, isitupwe jalalani wala kupewa mbwa.

Hapa maslahi ya mfugaji yanakutana na ya mlaji. Virusi vya Gumboro havimwambukizi binadamu. Lakini mfugaji aliyejawa na hofu hutia dawa juu ya dawa, kisha hukimbilia kuuza kuku kabla hawajafa. Kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, na kuku aliyechinjwa kabla ya muda huo kwisha hubeba masalio ya dawa hadi mezani kwa mtu. Masalio hayo huweza kuwadhuru baadhi ya watu, na matumizi mabaya ya dawa hujenga usugu wa bakteria unaomrudia binadamu hospitalini. Kuku anayeumwa asichinjwe kwa ajili ya kuuzwa. Mlaji naye akatae nyama yenye madoa mengi ya damu kwenye mapaja na kidari, na anunue mahali panapokaguliwa.

Haki ya mnunuzi na wajibu wake

Anayenunua vifaranga au chanjo ana haki ya kupewa taarifa za kweli kuhusu anachonunua, kupewa risiti, na kusikilizwa anapolalamika. Akishuku kuwa chanjo ni duni au bandia, apeleke kichupa, namba ya toleo na risiti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Akiamini kuwa amedanganywa kuhusu bidhaa, anaweza kufika Tume ya Ushindani.

Hata hivyo, lalamiko lenye nguvu hujengwa na kumbukumbu. Kwa kila kundi, andika katika daftari chanzo cha vifaranga na siku walipofika, majibu ya maswali matano yaliyotajwa, jina la kila chanjo na namba yake, siku na saa iliyonyweshwa, na idadi ya vifo vya kila siku. Daftari hilo litamwezesha daktari kujua kama chanjo ilipotea kwa sababu ya joto, kwa sababu ya tarehe, au kwa sababu ya kinga ya mama. Bila daftari, kila upande utashika neno lake, na mfugaji atabaki na banda tupu pamoja na deni la chakula.

Kwa hiyo unapopokea boksi la vifaranga, kumbuka kwamba maisha yao hayakuanza siku hiyo. Waliyopewa na mama zao yako tayari katika damu yao. Uliza ni yapi, na ndipo upange siku ya chanjo.